Fasihi ya Kale na Wafalme: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali yafuatayo huulizwa tena na tena na wapenzi wa chemsha bongo ya historia, hasa wale wanaotaka kujua jinsi maandishi ya kwanza ya wanadamu yalivyofungamana na nyumba za kifalme. Nimejibu kwa ufupi pale ambapo jibu ni fupi, na nimejipa nafasi zaidi pale ambapo kisa chenyewe kinastahili kusimuliwa. Kifupisho KK kinamaanisha kabla ya Kristo.

Ni nani mwandishi wa kwanza duniani anayejulikana kwa jina?

Jibu linalokubaliwa na wengi ni Enheduanna, binti wa mfalme Sargon wa Akadi, aliyeishi katika karne ya 23 KK. Sargon alipokwisha kuiweka miji ya Mesopotamia, ambayo kwa sehemu kubwa ni Iraki ya leo, chini ya himaya moja, alimfanya binti huyo kuwa kuhani mkuu wa Nanna, mungu wa mwezi, katika mji wa Uru. Uteuzi huo ulikuwa wa kidini na wa kisiasa kwa wakati mmoja, kwa kuwa Uru ulikuwa mji wa Wasumeri, na Sargon alikuwa mgeni kwao. Nyimbo zinazohusishwa na Enheduanna humtukuza mungu wa kike Inanna, na katika wimbo mmoja anajitaja kwa jina lake na kulalamika kwamba mwasi amemfukuza hekaluni.

Nakala tulizonazo zilinakiliwa karne kadhaa baada ya kifo chake, na ndiyo maana wapo wataalamu wanaobishana kama maneno yote ni yake. Kuwapo kwake, hata hivyo, si jambo la kubishaniwa. Mwaka 1927 wachimbaji walioongozwa na Leonard Woolley walipata huko Uru kisahani cha alabasta kilichochongwa sura yake upande mmoja na kuandikwa jina lake upande wa pili.

Je, Gilgamesh alikuwa mfalme wa kweli?

Huenda alikuwa. Orodha ya kale ya wafalme wa Sumeri inamtaja miongoni mwa watawala wa mji wa Uruk na kumpa miaka 126 ya kutawala, ingawa hakuna maandishi ya wakati wake mwenyewe yaliyopatikana yakiwa na jina lake. Kilicho wazi zaidi ni jinsi utendi wake ulivyokua. Kwanza kulikuwa na mashairi mbalimbali ya Kisumeri juu yake. Baadaye washairi wa Babeli wakayaunganisha kuwa kisa kimoja. Na mwishowe ikapatikana nakala ya vibao 12 vya udongo ambayo mapokeo ya Babeli yanaihusisha na msomi aitwaye Sin-leqi-unninni.

Jambo linalonigusa katika kisa hiki ni kwamba, ijapokuwa ni kisa cha mfalme, hakimsifu mfalme. Kinaanza na raia wanaolalamika kwa miungu kwa sababu mtawala wao anawaonea, kisha kinamfuata mtawala huyo akimlilia rafiki yake Enkidu na kutangatanga hadi miisho ya dunia akitafuta dawa ya kifo, asiipate.

Maktaba ya Ninawi iliteketea. Imekuwaje vitabu vyake vikasalimika?

Ashurbanipal, aliyetawala Ashuru tangu mwaka 669 KK, alikuwa mfalme wa namna ya peke yake. Alijigamba kwamba anasoma maandishi ya Kisumeri na Kiakadi yaliyowashinda wengine, na katika baadhi ya michoro ya mawe inayomwonyesha akiwinda simba, kalamu zake za kuandikia udongo zimechomekwa kwenye mshipi wake karibu na silaha. Aliamuru maandishi yakusanywe katika maktaba yake mjini Ninawi kutoka mahekalu na nyumba za wasomi wa Babeli, na vibao vingi vya mkusanyo wake viliandikwa mwishoni kwamba ni mali ya kasri la Ashurbanipal, mfalme wa ulimwengu.

Mwaka 612 KK majeshi ya Wababeli na Wamedi yaliuteka mji wa Ninawi na kuuchoma moto. Hapo ndipo penye maajabu ya jambo hili: moto ungemaliza maktaba ya karatasi, ya ngozi au ya mafunjo, lakini hizi zilikuwa kurasa za udongo. Vibao vingi vilivunjika paa lilipoporomoka, na vingine vikaokwa na moto uleule vikawa vigumu kama matofali. Kilichopotea ni zile mbao zilizopakwa nta, ambazo nazo zilikuwa sehemu ya maktaba hiyo. Vibao vilivyofukiwa na kifusi vililala chini ya ardhi, karibu na mji wa sasa wa Mosul nchini Iraki, kwa zaidi ya miaka 2,400, hadi vilipochimbuliwa katikati ya karne ya 19 na Austen Henry Layard pamoja na Hormuzd Rassam, ambaye mwenyewe alikuwa mzaliwa wa Mosul. Leo vibao na vipande takriban 30,000 viko katika jumba la makumbusho la British Museum mjini London.

Kuvichimbua ilikuwa nusu ya kazi, kwa maana mwandiko wa kikabari, yaani ule wa alama zenye umbo la kabari, ulikuwa ndiyo kwanza umeanza kusomeka. George Smith, aliyejifunza ufundi wa kuchonga sahani za kuchapia noti za benki na ambaye hakuwa na elimu ya chuo kikuu, alijifundisha mwandiko huo kwa kutumia muda wake wa mapumziko katika jumba hilo la makumbusho. Mwaka 1872, alipokuwa akipitia vipande vya Ninawi, alikutana na habari za gharika, safina, na ndege aliyetumwa kutafuta nchi kavu. Alikuwa ameshika kibao cha 11 cha utendi wa Gilgamesh. Desemba mwaka huohuo aliwasomea wasomi wa London tafsiri yake, na kisa kilichokuwa kimenyamaza kwa zaidi ya miaka elfu mbili kikaanza kusomwa upya.

Kwa nini orodha za kale zinadai kwamba wafalme fulani walitawala kwa maelfu ya miaka?

Orodha ya Wafalme wa Sumeri inaanza kwa kusema kwamba ufalme ulishuka kutoka mbinguni, na kwamba mfalme wa kwanza, Alulim wa Eridu, alitawala miaka 28,800. Katika nakala inayojulikana zaidi, wafalme 8 waliotangulia gharika wanapewa jumla ya miaka 241,200. Baada ya gharika miaka inapungua hatua kwa hatua hadi kufikia umri wa kawaida wa binadamu. Ni vyema kuisoma orodha hiyo kama hoja ya kisiasa iliyovaa mavazi ya hesabu. Inadai kwamba ufalme halali ni mmoja tu, nao huhama kutoka mji hadi mji, ilhali tunajua kwamba baadhi ya nasaba zilizopangwa humo zikifuatana zilitawala kwa wakati mmoja katika miji tofauti. Mfalme wa baadaye aliyetaka kuonekana mrithi wa wote alinufaika sana na mpango huo.

Basi ni mfalme gani aliyetawala muda mrefu kuliko wote kwa ushahidi wa kuaminika?

Kwa wanaokubali kuhesabu miaka ya utotoni, Sobhuza II wa Uswazi aliketi katika enzi kwa miaka 82, tangu 1899 alipokuwa mtoto mchanga hadi alipofariki mwaka 1982, ingawa hadi mwaka 1921 nchi iliongozwa kwa niaba yake. Louis XIV wa Ufaransa alitawala miaka 72, kuanzia 1643 akiwa na umri wa miaka 4 hadi 1715, na Elizabeth II wa Uingereza alitawala miaka 70, kuanzia 1952 hadi 2022. Farao Pepi II wa Misri ya kale hutajwa kuwa alitawala miaka 94, lakini wataalamu wengi huitilia shaka hesabu hiyo.

Je, ni kweli kwamba majina ya wafalme ndiyo yaliyofungua maandishi yaliyokuwa hayasomeki?

Ni kweli, na kwa maoni yangu hiki ndicho kisa kitamu kuliko vyote katika ukurasa huu. Watu wengi wanalifahamu Jiwe la Rosetta, lililopatikana Misri mwaka 1799, ambalo lina tangazo la mwaka 196 KK la kumheshimu mfalme Ptolemaio V kwa miandiko mitatu, mmoja wao ukiwa wa Kigiriki, uliosomeka. Kwa kuwa Wamisri waliyazungushia majina ya wafalme duara refu, wasomi waliweza kuliona jina la Ptolemaio hata kabla ya kulisoma, na kutokana na jina hilo na la Kleopatra, Jean-François Champollion alipata herufi zilizomwezesha kutangaza ugunduzi wake mwaka 1822.

Kisa cha Uajemi hakijulikani sana, lakini akili iliyotumika humo inastaajabisha zaidi. Mwaka 1802 mwalimu Mjerumani, Georg Friedrich Grotefend, alikuwa na nakala tu za maandishi ya Persepolis, mji wa kale wa wafalme wa Uajemi, bila tafsiri yoyote ya kumwongoza. Alikisia kwamba maandishi ya kifalme hufuata utaratibu uleule: fulani, mfalme mkuu, mfalme wa wafalme, mwana wa fulani. Kisha akatambua kwamba katika maandishi mawili mfalme mmoja alikuwa mwana wa mfalme, na huyo baba yake alikuwa mwana wa mtu ambaye hakupewa cheo cha ufalme. Akapitia nasaba ya Uajemi kama ilivyohifadhiwa na Wagiriki akitafuta babu, baba na mwana wanaolingana na hali hiyo, akawapata Hystaspes, ambaye hakuwahi kuwa mfalme, mwanawe Dario, na mjukuu wake Ahasuero, ambaye Wagiriki walimwita Xerxes. Hivyo mwanamume asiyekuwa na taji ndiye aliyetoa ufunguo. Baadaye maandishi makubwa ya Dario kwenye jabali la Behistun, yaliyoandikwa kwa lugha tatu, yaliwawezesha wasomi kuvuka kutoka Kiajemi cha kale hadi Kibabeli, na kutoka hapo hadi vibao vya Ninawi.

Je, wafalme wa kale walijua kusoma na kuandika wenyewe?

Ilitegemea mfalme. Marko Aurelio, mtawala wa Roma, aliandika tafakuri zake kwa Kigiriki akiwa vitani. Alfred, aliyetawala Wessex kuanzia 871 hadi 899, alisikitika kwamba elimu ya Kilatini ilikuwa imekaribia kutoweka katika Uingereza, akajifunza lugha hiyo ukubwani na kushiriki katika kutafsiri vitabu alivyoona kuwa ni lazima watu wote wavijue. Babur, mwanzilishi wa dola la Wamughali nchini India, aliandika habari za maisha yake kwa Kituruki cha Chaghatai, akieleza vita, matikiti, bustani na aibu zake za ujana kwa uwazi ambao ni nadra sana kwa mtawala.

Kwa upande mwingine, Charlemagne, mfalme wa Wafaranki aliyetawazwa Roma siku ya Krismasi ya mwaka 800, alipata shida. Einhard, aliyemfahamu vizuri na kuandika maisha yake, anasema kwamba mfalme huyo aliweka vibao vya kuandikia chini ya mto wa kitanda chake ili afanye mazoezi ya herufi usiku, lakini hakufika mbali kwa sababu alianza akiwa mtu mzima. Hata hivyo ni katika shule na nyumba za watawa alizozisaidia ambamo maandishi mengi ya Kilatini yalinakiliwa, na bila ya nakala hizo tusingekuwa nayo leo.

Kuna mfalme aliyewahi kubuni mwandiko?

Wapo wawili wanaostahili kutajwa. Sejong wa Korea alikamilisha alfabeti mpya mwaka 1443 na kuitangaza mwaka 1446, akieleza kwamba watu wa kawaida walishindwa kueleza mambo yao kwa herufi za Kichina. Baadhi ya wasomi wa kasri lake walimpinga waziwazi. Kazi ya kwanza ya fasihi iliyotungwa kwa alfabeti hiyo ilikuwa mkusanyo wa nyimbo za kuwasifu waasisi wa nasaba yake mwenyewe, uliokamilika mwaka 1447. Barani Afrika, Sultani Njoya wa Wabamum, katika Kamerun ya leo, alianza kubuni mwandiko wa lugha yake mnamo 1896, akaurekebisha mara kadhaa kutoka mamia ya alama hadi takriban 80, na kuutumia kuandikia historia na desturi za watu wake. Watawala wa kikoloni wa Ufaransa walimpunguzia madaraka na kumhamishia Yaoundé, ambako alifariki mwaka 1933.

Je, riwaya ya kwanza iliandikwa na mwanamke wa ikulu?

Hadithi ya Genji, yenye sura 54, iliandikwa Japani mwanzoni mwa karne ya 11 na Murasaki Shikibu, aliyekuwa katika msafara wa malkia Shōshi, na wengi huiita riwaya ya kwanza duniani. Jina lake halisi halijulikani kwa uhakika: Murasaki ni jina la mhusika katika hadithi yenyewe, na Shikibu ni idara ambayo baba yake aliitumikia. Wanaume wa tabaka lake waliandika mambo mazito kwa Kichina, hivyo Kijapani cha kila siku kikaachwa mikononi mwa wanawake, nao wakajenga nacho kilele cha fasihi ya enzi hiyo. Mfalme aliyekuwa mume wa Shōshi alikuwa na malkia mwingine, Teishi, na katika msafara wake alikuwamo Sei Shōnagon, mwandishi mwingine hodari.

Je, ni kweli kwamba Ferdowsi alidhulumiwa malipo yake na sultani?

Ferdowsi alitumia zaidi ya miaka 30 kutunga utendi wa wafalme wa Uajemi, wenye takriban beti 50,000 za mistari miwili, akaumaliza mwaka 1010. Alianza chini ya nasaba ya Wasamani, ambao walipenda fasihi ya Kiajemi, lakini kabla hajamaliza nasaba hiyo ilianguka, ikabidi kitabu kipelekwe kwa Sultani Mahmud wa Ghazni.

Kisa maarufu, kilichoandikwa zaidi ya karne moja baadaye, kinasema kwamba sultani alimpa fedha kidogo kuliko alivyotarajia, na mshairi kwa hasira akazigawa zote kwa mhudumu wa hamamu na muuza kinywaji. Miaka ikapita, sultani akajuta na kumtumia shehena ya nili yenye thamani kubwa. Ngamia walipokuwa wakiingia lango moja la mji wa Tus, jeneza la mshairi lilikuwa likitolewa kwa lango jingine. Wanahistoria hawakichukulii kisa hiki kama ushahidi. Kinachothibitika ni malalamiko ya mshairi mwenyewe ndani ya utendi juu ya uzee na umaskini.

Mfalme Arthur wa hadithi za Uingereza aliwahi kuishi?

Hakuna maandishi ya karne za 5 na 6, ambamo angepaswa kuwa aliishi, yanayomtaja. Anaonekana katika historia ya Kilatini ya karne ya 9 kama kiongozi wa vita, na mnamo 1136 Geoffrey wa Monmouth akamfanya mfalme mwenye maisha kamili. Meza ya duara ya mashujaa wake iliongezwa na Wace mwaka 1155, na mapenzi ya shujaa Lancelot na malkia wa Arthur yakaongezwa baadaye na Chrétien de Troyes. Meza kubwa inayoning'inia ukutani mjini Winchester ni ya karne ya 13.

Je, tenzi za masimulizi zinahesabiwa kuwa ushahidi wa historia?

Zinahesabiwa, mradi zisomwe kwa uangalifu. Kisa cha Sundiata, mwanzilishi wa dola la Mali, kimehifadhiwa na majeli, yaani wasimulizi wa kurithi, ambao ukoo wa Kouyaté ni miongoni mwao. Wanasimulia mtoto aliyeshindwa kutembea, ambaye baadaye alimshinda Sumanguru wa Sosso katika vita vya Kirina mnamo 1235. Msomi Ibn Khaldun, aliyeandika katika karne ya 14, anamtaja Mari Jata aliyewashinda Wasosso, na hivyo wino wa Kiarabu unakutana na sauti ya jeli katika kiini cha jambo.

Katika mwambao wa Waswahili kazi hizi mbili, kuandika na kusimulia, zilikaa karibu zaidi. Utendi wa Tambuka, ambao nakala yake ina tarehe inayolingana na mwaka 1728, ulitungwa Pate na Mwengo wa Athumani kwa ombi la mtawala wa huko, ukisimulia mapambano ya Waislamu na Herekali, ambaye ni Heraklio, mtawala wa Wabizanti kuanzia 610 hadi 641. Fumo Liyongo naye aliishi vinywani mwa watu kwa vizazi vingi kabla Muhamadi Kijumwa wa Lamu hajamtungia utendi mwaka 1913.

Kitabu kinaweza kuuweka ufalme madarakani?

Mfano wenye nguvu kuliko yote ni Kebra Nagast, yaani Utukufu wa Wafalme, kilichoandikwa kwa Kigeezi katika karne ya 14. Kinasimulia safari ya malkia Makeda kwenda kwa Sulemani, kuzaliwa kwa mwana wao Meneliki, na kuhamishwa kwa sanduku la agano kupelekwa Ethiopia. Nasaba iliyoingia madarakani mwaka 1270 kwa mkono wa Yekuno Amlak ilijitambulisha kuwa uzao huo, na dai hilo lilidumu hadi Haile Selassie alipoondolewa mwaka 1974.

Askari wa Uingereza walipoiteka ngome ya Maqdala mwaka 1868, walibeba miswada mingi, na miongoni mwayo nakala ya kitabu hicho. Mwaka 1872 mfalme Yohannes IV aliandika barua London kuomba kirudishwe, akieleza kwamba katika nchi yake watu hawangezitii amri zake bila ya kitabu hicho. British Museum ilikubali, na kitabu kikarudi Ethiopia.